Nguzo Zilizokataa Kusimama

Jina lake sitaliandika. Sisi wa mtaa wa Cibitoke tulimwita Fundi, na hata hilo lilikuwa ukarimu wetu tu, kwa maana ufundi wenyewe sikuwahi kuuona. Nilimjua kabla ya vita, nikamjua ndani ya vita, nikamjua vita vilipoanza kuchoka, na katika miaka yote hiyo sikumwona akijenga ua ukasimama. Ua wa Fundi ulianza kulala siku ileile alipopokea ujira wake. Kisha Mungu, ambaye naye ana mizaha yake, akakiweka kiwanja changu, kitu pekee nilichobaki nacho duniani, kwenye ulimi wa mtu huyo. Nitafika huko. Kwanza mmjue ninayemsema.

Alikuwa mrefu, mkavu, ameinama kidogo upande wa kushoto, nasi tulisema kwamba nyua zake alizipima kwa kujitazama kwenye kioo. Juu ya kaptura alivaa koti la suti lililokuwa la mtu mnene, na kwenye mfuko wa kifuani alichomeka penseli nyekundu ya seremala ambayo haikuwa imechongwa. Sikuiona ikiandika hata mstari mmoja. Alipozidiwa na swali aliitoa, akaitazama, akairudisha. Alikuwa pia na nivo, kile kipimo chenye kichupa cha maji na povu ndani yake, lakini kichupa chake kilikuwa kimepasuka na kukauka zamani. Aliiegemeza kwenye nguzo, akafumba jicho moja, akatangaza kwamba imenyooka:

“Iko jisti. Jisti kabisa!”

“Fundi, nivo yako haina maji.”

“Mi naona bila maji, mama. Maji ni ya wanafunzi.”

Watu walicheka, naye akadhani wananicheka mimi. Debe tupu haliachi kuvuma, na hilo lilivuma kuanzia njia ya kwanza ya Cibitoke mpaka ya mwisho.

Sasa, kusimamisha nguzo si uganga. Unachimba shimo mpaka mkono uzame kupita kiwiko. Unaichoma ncha ya chini kwa moto mpaka iwe nyeusi, mchwa wasiipende. Unaanza na nguzo za pembeni, unafunga kamba kati yake, nyingine zote zinafuata kamba. Udongo unarudishwa kidogo kidogo, na kila tabaka unalishindilia kwa gogo kabla ya kuweka jingine. Marehemu baba yangu, ambaye kazi yake ilikuwa kupika hotelini, alijua haya. Mama alijua. Fundi peke yake ndiye aliyekuwa hajui, na ndiye aliyekuwa akiifanya kazi hiyo.

Yeye alichimba shimo la kupandia muhogo. Alitumbukiza nguzo, akamwaga udongo wote kwa mara moja, akaukanyaga kwa kisigino akizungukazunguka mithili ya mtu anayezima sigara, kisha akadai maji ya kunywa. Kamba hakuitaka. Alisema kamba inamfunga macho.

Ua ulipolala, hakuufukua. Alileta mti mwingine akauegemeza kwa upande wa njiani, na mti huo nao ulipolala akauletea mwingine wa kuuegemeza. Kulikuwa na nyumba karibu na soko ambayo ua wake ulikuwa na miti ya kuegemeza mingi kuliko nguzo, na watu waliokwenda kanisani alfajiri walijikwaa wakalaani kabla ya kufika kusali. Ukimuuliza, kosa halikuwa lake hata siku moja. Lilikuwa la udongo. “Udongo wa Cibitoke uko na maji chini,” alisema. Palipokuwa pakavu, alisema udongo hauna maji ya kushika nguzo. Kama si udongo ni upepo wa ziwani, kama si upepo ni mbuzi, kama si mbuzi ni mwenye nyumba aliyeutazama ua vibaya. Mbaazi ikikosa maua husingizia jua. Fundi alilisingizia jua, akausingizia na mwezi.

Nilimdharau, nasema wazi. Lakini kudharau mtu hakukuzuii kumhitaji, na hapo ndipo ubaya ulipo.

Kwa Kirundi ua na nyumba ya mtu ni neno moja, urugo. Mtu akioa husemwa amejenga urugo. Kwa hiyo mwanamke mjane mwenye ua uliolala hana ua mbovu tu, ana neno la watu mgongoni. Mimi nilikuwa mjane. Nilikuwa nikishona kwenye baraza la duka moja la Asiatique, mtaa wa maduka, nikirudi jioni kwa watoto na kwa mama yangu mzazi, na kila jioni mama alikuwa na habari ileile: fulani kapita, kautazama ua wetu, katikisa kichwa. Vita vilikuwa vimeshaanza. Usiku ulisikia milio upande wa Kamenge, na mama alikuwa amejiaminisha kwamba ua ukisimama wima, hao watu wa usiku watapita. Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba risasi haibishi hodi kwenye fito.

“Mutafute fundi,” alisema mama.

“Nitamtafuta wa Buyenzi.”

“Wa Buyenzi atapita wapi, mwanangu? Njia ya huko imefungwa. Mwite huyu wetu.”

Nikamwita huyu wetu.

Nilimwelekeza kwa kidole mahali pa kununua mikaratusi mikavu, nyuma ya maduka ya Asiatique, hatua chache tu kutoka kwenye cherehani yangu. Akaniangalia kwa huruma.

“Muti mukavu ni maiti, mama. Unataka mi nizungushe maiti ku nyumba yako?”

Akaja na miti mibichi ya umuvumu, ule mti ambao mababu walipiga gome lake wakapata nguo. Aliikata sijui kwa nani, utomvu mweupe ukiwa bado unachuruzika. Fito alizifunga kwa kamba za mkonge, hakutaka misumari, kwa sababu msumari, alisema, unaumiza muti. Mtu aliyeumiza nyua za karitiye nzima, mtaa wote, alikuwa na huruma na muti.

Siku hiyo mama alimkoroga uji wa ulezi. Aliusaga mwenyewe asubuhi, kwa mawe yake. Mnaoyajua mtakumbuka: kuna jiwe kubwa la chini, urusyo, na kuna dogo la juu la kushika mkononi, ingasire. Mama aliletewa yote mawili siku alipoolewa. Ingasire yake ilikuwa nyeusi, imelika upande mmoja kwa sababu mama alitumia mkono wa kushoto, na hakuna mtu mwingine aliyeweza kuisagia bila kuumia kifundo. Fundi alikunywa uji bakuli baada ya bakuli, akausifu, akajifuta midomo kwa mkono wa koti, akarudi kazini. Jioni akaondoka zake akiimba wimbo wa kanisani. Na ile ingasire haikuonekana tena.

Mama alitafuta chini ya kitanda, jikoni, kwenye majivu. Kesho yake akaanza kupita nyumba kwa nyumba. “Hamukuona jiwe langu? Jeusi, limeliwa upande huu?” Karitiye nzima iliijua habari ya jiwe la mama, wengine wakafanya utani wake. Nilimwendea Fundi uso kwa uso.

“Jiwe la mama liko wapi?”

“Jiwe gani?”

“Unajua jiwe gani.”

“Mana yanje, Mungu wangu! Mi niibe jiwe? Ningeiba nguo, ningeiba kuku, watu wangesema huyu ni mwizi mwenye akili. Jiwe, mama? Mi niko fundi!”

Aliapa kwa Bikira Maria, akaapa kwa mamake aliyekufa. Nikamwambia anyamaze asije akawachosha. Nilijua ni yeye na sikujua kwa nini, na hilo la kutojua kwa nini ndilo lililoniudhi zaidi. Mwizi ana sababu. Huyu alikunywa uji wa kikongwe kisha akaondoka na jiwe la kuusagia. Nilimletea mama jiwe jingine kutoka mto Ntahangwa, zuri, laini. Akalijaribu siku chache, akaliweka kando. “Haijui mwenzake,” akasema. Tangu hapo tukanunua unga wa mashine, naye akaula kwa adabu, bila hamu.

Ua wenyewe ulisimama mpaka mvua ya kwanza. Kisha ukalala, nusu kwangu nusu kwa jirani, unapinda huku na kule hivi kwamba ukisimama njiani hukuweza kusema kiwanja changu kinaishia wapi. Kumbukeni hilo, maana lilikuja kunitokea puani. Fundi akaleta miti yake ya kuegemeza. Na juu ya hayo yote, nguzo zikaota majani. Ndiyo, ziliota! Isipokuwa moja, karibu na jiko, iliyobaki kavu hivyo hivyo, nyingine zote zikatoa vichipukizi. Watu wakapita wakiniuliza nitavuna lini. Yeye akasimama katikati ya njia, mikono mifukoni, akawaambia kwamba ndivyo alivyokusudia.

“Na hii moja?” mtu akamwuliza.

Akatoa penseli, akaitazama. “Udongo,” akasema.

Ningeweza kuandika kitabu juu ya mtu huyu nisitaje jema hata moja, na nisingekuwa nimesema uongo. Alikula kwenye kila msiba. Alisahihisha Kifaransa cha watu kwa Kifaransa kibaya zaidi. Kanisani alikaa mbele akaimba kwa sauti iliyolala upande mmoja, sawa na kazi yake. Lakini kuna jambo moja ambalo sikulielewa, nalitia hapa ili nisidaiwe. Wakati ambapo mtu wa njia ya huku hakuthubutu kukanyaga njia ya kule, wakati watu waliacha hata kuchota maji mbali na mlango wao, Fundi alipita kote na koti lake na nivo yake kavu. Nyua zilikuwa zimelala pande zote, na zote alizilaza yeye, kwa hiyo pande zote walimwita. Alikwenda asubuhi, akarudi na habari: fulani yuko hai, fulani amehamia Ngagara, fulani anaomba chumvi. Siku nyingine chumvi aliipeleka. Wengine walimwita shujaa. Mimi nilisema, na bado nasema, kwamba alitafuta watu wa kumsikiliza, na angevuka moto mradi upande wa pili kuna masikio.

Siku yetu ilipofika, tuliondoka na tulichovaa. Sitaieleza siku hiyo. Nyumba iliungua na karatasi za kiwanja zikiwa ndani, na mama nilimbeba mgongoni mpaka tulipopata mkokoteni. Tukafikia Buyenzi kwa binamu yangu, chumba kimoja, na tukakaa humo miaka.

Na nani alikuja kubisha hodi Buyenzi? Huyo huyo. Naye alikuwa amekimbia, naye amepata watu wapya wa kuwaharibia nyua. Alikuja kumsalimu mama. Mama, ambaye alikuwa na moyo mpana kuliko wangu, alimkaribisha. Akiondoka, mama alimwambia polepole, “Fundi, ukiliona jiwe langu, uniletee.” Akaitikia kwamba ndiyo, “Ego, mama,” akatoka haraka. Hakunitazama.

Mama alifia pale Buyenzi, jiwe halijarudi. Fundi alikuja mazikoni, akasema maneno marefu kuliko padri, na kabla sijamzuia akaushika msalaba akausimika mwenyewe. Aliuzungukia kwa kisigino. Akafumba jicho moja. Tulipokwenda kutembelea kaburi baada ya mvua, msalaba wa mama yangu ulikuwa umeinama upande wa kushoto. Nilikaa chini nikalia, nusu kwa uchungu, nusu kwa hasira, na sijui nusu ipi ilikuwa kubwa. Siku ile nilimchukia kwa moyo wangu wote.

Vita vilipoanza kulegea, watu wakarudi Cibitoke mmoja mmoja. Nikarudi nami. Nyumba yangu ilikuwa kuta nyeusi zisizo na paa, nyasi ndani mpaka kiunoni. Jikoni nikalikuta urusyo, lile jiwe la chini, kwa kuwa hakuna mwizi wa kulibeba. Fito za ua ziliishia kwenye majiko ya watu. Lakini nyuma ya jiko palikuwa na mstari wa miti mikubwa ya umuvumu yenye kivuli, na nikasimama kitambo kizima kabla ya kuelewa kwamba naitazama kazi ya Fundi. Nguzo zake zilikuwa zimekataa kuwa nguzo, zikaamua kuwa miti. Katikati ya mstari, karibu na jiko, palikuwa na pengo.

Upande wa pili wa miti alikuwa amehamia jirani mpya, mtu wa maneno laini aliyenunua kiwanja cha nyuma. Alikuwa ameshafyatua matofali yake upande wangu wa miti, juu ya jiko la mama.

“Mama, hii miti ni yangu,” aliniambia. “Aliyeniuzia ndiye aliipanda, ni miti ya kivuli, ndani ya parseli yake. We mpaka wako ni hapo,” akaonyesha ukuta wangu uliopasuka.

Bila kipande kile kiwanja changu kilibaki cha kujengea choo. Watoto wangu walikuwa wakubwa, chumba cha Buyenzi kilikuwa kinatutapika, na sikuwa na pengine pa kwenda. Nikapeleka neno kwa shefu wa karitiye, naye akawaita bashingantahe, wale wazee wanaoaminiwa kuamua magomvi. Wakawauliza majirani waliorudi: ua wa mama huyu ulipita wapi? Wakajikuna vichwa. Mmoja akasema ulipita kwenye miti. Mwingine akasema hapana, ulipita karibu na ukuta, yeye aliuona kwa macho yake ukiwa umelala hapo. Wote walisema kweli! Ua ule ulikuwa umelala kila mahali. Nilisimama mbele ya wazee nikiwa karibu kupoteza kiwanja cha maisha yangu kwa sababu mpumbavu mmoja hakutaka kuchimba shimo.

Mushingantahe mkubwa, mzee mwenye fimbo na macho yaliyoanza kuingia ukungu, akasema, “Aliyeujenga yuko hai? Alete maneno yake.”

Nilimkuta Fundi Buyenzi, ameketi juu ya debe, kazeeka, koti limekuwa kubwa zaidi juu yake. Sikumsalimu kwa mengi. Nikamwambia: nitanyang’anywa kiwanja, na ni wewe tu unayejua nguzo zilipita wapi. Nilitegemea hotuba. Hakutoa. Aliniuliza tu:

“Ile yenye haikuota, iko kwa jiko?”

“Imebaki pengo.”

Akainuka kwenye debe. “Nitakuja,” akasema.

Alikuja amechana nywele, penseli kifuani. Watu walijaa, kwa maana waliorudi wote walimjua na walitaka kucheka. Akawasimulia wazee kwamba miti ile ni nguzo zake. Jirani mpya akatabasamu.

“Mzee, miti ni miti. Kila mutu anapanda umuvumu. We utajuaje yako?”

“Nitajua,” akasema Fundi. “Muchimbe pale kwa pengo.”

Wakachimba. Shimo halikuhitaji kuwa refu, namjua mtu wangu. Jembe likagonga kitu. Kijana akainama akakitoa, akakifuta udongo kwa kiganja, na mimi nikapiga kelele kabla hajamaliza kukifuta. Nyeusi. Imelika upande mmoja.

“Hiyo jiwe niliichukua mi,” akasema Fundi kwa sauti ambayo watu wote waliisikia. “Ku nyumba ya mamake. Niliiba. Nikaapa kama sikuiba.”

Walioizoea habari ya jiwe la mama wakaguna. Yule mzee mwenye fimbo akasema naye alimkumbuka kikongwe aliyepita mlangoni kwake akiuliza. Nikaichukua ingasire mikononi, nikaenda nayo mpaka kwenye urusyo, nikaiweka juu yake mbele ya wazee, upande wa kushoto. Ikakaa. Haikutikisika hata kidogo. Nilitamani mama aione, nikabaki nimepiga magoti pale.

Lakini jirani mpya hakuwa mjinga.

“Jiwe ni lake, nakubali,” akasema. “Na huyu ni mwizi, amesema mwenyewe. Mwizi anaweza kufukia jiwe popote. Kufukia jiwe si kujenga klotire, si kujenga ua. Mashimo mengine yako na mawe?”

“Apana,” akasema Fundi.

“Ni hii moja tu?”

“Hii moja tu.”

“Kwa nini hii moja?” Mushingantahe mkubwa ndiye aliyeuliza sasa. “Kama ni nguzo, zote ni nguzo. Miti hii yote imeota, hapa hapakuota. Zote zimesimama bila jiwe, hapa pana jiwe. Utwambie kwa nini, Fundi, ama hatuna la kushika.”

Fundi akatoa penseli yake. Akaitazama. Nami nilijua neno litakalotoka, nililijua tangu miaka ile, na nikajua kwamba likitoka nimekwisha.

“Udongo...” akaanza.

Watu wakaangua kicheko. Jirani mpya akacheka kuliko wote. “Udongo ni huo huo, mzee! Kutoka hapa mpaka pale ni hatua!”

Fundi hakucheka. Alinitazama, nimepiga magoti penye mawe ya mama. Alikuwa ametangaza wizi wake mbele ya wote bila kupepesa jicho, na sasa jasho lilimtoka usoni. Akairudisha penseli mfukoni, ikakosa mfuko, ikaanguka. Hakuiokota.

“Ile poto niliisimika kichwa chini,” akasema.

“Sema tusikie,” akasema mzee.

“Kichwa chini! Upande wa juu wa muti niliuweka mu shimo. Ile nyembamba. Ikawa inacheza, haishiki. Watu walikuwa wanapita, sikutaka waone mi naichomoa. Nikatafuta kitu cha kuikaza, nikaona jiwe ya ule mama.” Akameza mate. “Muti ukiupanda kichwa chini hauoti. Zile zingine zimeota sababu zilikuwa sawa. Hii haikuota sababu nilikosea.”

“Ulikosea?”

“Nilikosea. Mi. Si udongo.”

Wale waliokuja kucheka walitazama miguu yao. Mzee mwenye fimbo akazunguka pengo, akautazama mstari wa miti upande huu na upande ule, akasema kwamba hakuna mtu duniani atakayejizulia aibu ya namna hiyo, na kwamba mpaka ni miti. Jirani mpya akahamisha matofali yake wiki hiyohiyo, bila maneno laini.

Nilimsindikiza Fundi mpaka barabarani, kwa adabu tu. Nilikuwa na mengi ya kumwambia. Mama alikufa akiliulizia jiwe hilo, naye aliitikia “Ego, mama” akijua liko wapi, na angeweza kulifukua siku yoyote, lakini kulifukua kungeonyesha nguzo. Kwa hiyo alimwacha kikongwe ale unga wa mashine. Hilo sijamsamehe na sidhani kama nitamsamehe. Nilipofungua kinywa nilitoa neno moja tu, asante.

“Mama,” akasema, sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia kwake. “Kama watu watauliza, waambie niliiba. Si neno. Lakini ile ya kichwa chini... apana kuitoa nje ya karitiye. Mi niko fundi.”

Nikajenga ua mpya, kwa fundi wa Buyenzi, mikaratusi mikavu, kamba, mashimo ya kiwiko. Umesimama mpaka leo. Fundi alikuja kuutazama mara moja kabla ya kufa. Alifumba jicho moja, akasema umeinama.

Ile ya kichwa chini nimeitoa, mmeisoma. Jina ndilo nililobakiza.